Umekosa kazi ya ulinzi mara ya tatu? Mwongozo kamili wa kurudi mlangoni na kudumu lindoni, kwa walio Mwanza

Karibu kila mwezi kuna kijana ananisubiri nje ya geti nikitoka zamu. Habari ni ileile: "Kaka, nimeomba kazi ya ulinzi mara tatu, nimekosa." Mwingine anasema, "Nilipata, nikakaa wiki tano, nikashindwa." Nikimuuliza ulikwama wapi, hana jibu. Wiki inayofuata namwona tena kwenye foleni ya usaili, bahasha ileile, majibu yaleyale.

Kung'ang'ana kwa namna hiyo kunamchosha mtu bure. Katika kazi yetu kila pigo lina mahali pake. Kuna pigo la makaratasi, la mwili, la usaili, la usingizi, na lile zito la wizi kutokea ukiwa wewe ndiye uliyesaini kitabu cha lindo. Dawa ya moja haitibu jingine. Fuata hatua hizi ujue umepigwa wapi, utengeneze hapo, ndipo urudi.

## Andaa vitu hivi kabla ya kuanza

- Kitambulisho au namba ya NIDA, pamoja na cheti cha kuzaliwa.
- Vyeti vya shule, halisi na nakala tatu za kila kimoja.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unaoishi sasa.
- Wadhamini wawili wenye makazi na shughuli zinazojulikana.
- Picha za pasipoti zisizopungua nne, za karibuni.
- Cheti cha mgambo au cha JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kama unacho.
- Kaunta buku moja na kalamu mbili.
- Saa ya mkononi. Simu huisha chaji, na malindo mengine hayaruhusu simu kabisa.
- Viatu vyeusi vya kufunga kamba ambavyo miguu yako imeshavizoea.
- Akiba ya nauli na chakula ya mwezi mmoja. Hii nitaieleza mbele, maana kuikosa ndiko kunakoachisha watu wengi kazi kuliko majambazi.

## Hatua ya 1: Andika mlango uliokukataa

Fungua kaunta buku, chora safu tano: tarehe, mahali nilipoomba, nilifika hadi wapi, nini kilisemwa, nitarekebisha nini. Kwenye safu ya nne andika maneno yenyewe uliyoambiwa. "Barua yako ya zamani" ni maneno yenye kazi. "Wana upendeleo" ni hasira yako tu, hata kama ni kweli, na huwezi kuitengeneza.

Sababu ya kuandika ni kwamba kichwa kinasahau kwa kujihurumia. Kijana mmoja aliniapia kwamba anakosa kazi kwa sababu hana ndugu kampuni yoyote. Tulipokaa kwenye benchi tukaandika mara zote nne, ikaonekana mara tatu alirudishwa kwenye kupokea faili, kabla hata ya kuulizwa jina la mdhamini. Shida ilikuwa karatasi moja.

Kama hukuambiwa sababu, rudi baada ya siku tatu, asubuhi mapema, sare za watu zikiwa bado safi na akili zao zimetulia. Sema: "Shikamoo afande. Nilikuja usaili Jumanne. Sikuja kulalamika, naomba kujua nirekebishe nini." Usiende ofisini na rafiki, na usiende ukiwa umeinua sauti. Wapo watakaokufukuza. Wapo watakaokueleza, na atakayekueleza atakukumbuka.

Kwa waliokosa nafasi za Jeshi la Polisi, Magereza au JKT: hiyo ni foleni nyingine yenye masharti yake ya umri, elimu na afya, na yanaandikwa kwenye tangazo lenyewe. Lisome neno kwa neno. Kama umri umepita, usipoteze mwaka mwingine kumsikiliza mtu anayesema ana njia. Ulizia mafunzo ya mgambo kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, ofisi zake ziko chini ya mkuu wa wilaya. Kampuni nyingi za ulinzi humpokea kwa haraka mtu mwenye cheti cha mgambo, kwa sababu anakuja akiwa ameshajua kwata (mazoezi ya gwaride) na amri.

Umefanikiwa kama unaweza kusema kwa sentensi moja: "Nimekwama kwenye makaratasi", au "Nimekwama usailini." Nenda moja kwa moja kwenye hatua yako, lakini usiiruke ya 2.

## Hatua ya 2: Hakikisha makaratasi yako yanakubaliana

Weka karatasi zote mezani, uzisome kama mtu asiyekujua. Anza na namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Anayepokea faili haulizi ulizaliwa lini, anatazama tarakimu hizo, anatazama cheti cha kuzaliwa, anatazama cheti cha shule. Zikipishana, faili linarudi.

Halafu majina. Mimi jina la baba lilikuwa na herufi moja zaidi kwenye cheti cha kidato cha nne. Herufi moja! Iliniweka mtaani miezi kadhaa kwa sababu kila niliporudishwa nilidhani hawanitaki mimi, wakati hawakuweza kujua kama mwenye cheti na mwenye kitambulisho ni mtu mmoja.

Namna ya kurekebisha: kama kosa liko upande wa kitambulisho, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako ukiwa na cheti cha kuzaliwa, omba marekebisho. Kama ni tofauti ya tahajia kati ya vyeti, wakili anaweza kukuandalia hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kabla ya kulipia kiapo, uliza unakoomba kazi kama wanakikubali.

Barua ya serikali ya mtaa ndiyo inayoangusha wengi waliohamia mjini. Umetoka Ukerewe, Sengerema au Magu, umepanga chumba Buhongwa au Igoma, mwaka mzima hujawahi kuhudhuria hata mkutano mmoja wa mtaa. Siku unayohitaji barua, mwenyekiti hakujui, na ana haki ya kusita, kwa sababu akikutambulisha na wewe ukaiba, yeye ndiye ataulizwa. Jitambulishe mapema. Nenda na mwenye nyumba wako. Barua iwe na picha yako, muhuri uguse picha, na tarehe iwe ya karibuni.

Wadhamini nao ni kazi. Usiandike namba ya mtu bila kumwambia. Kampuni ikipiga simu, mdhamini akasema "Huyo ni nani?", au asipokee kwa kuwa namba ni ngeni, wewe umekwisha na hutajua kwa nini. Mpigie, mwambie: "Mama, nimekuweka mdhamini. Wiki hii ukiona namba ngeni, tafadhali pokea." Fundi mwenye karakana, mwalimu, kiongozi wa kanisa au msikiti, mwenye duka la muda mrefu, hao wanafaa kuliko ndugu mnayelala naye chumba kimoja.

Baadhi ya waajiri watataka pia hati ya polisi kuonyesha huna rekodi ya jinai. Inahitaji alama za vidole na inachukua muda, kwa hiyo anza kuulizia mapema kituo cha polisi cha wilaya.

Onyo: usighushi cheti wala muhuri. Mtu anayeomba kazi ya kulinda mali za watu akishikwa na muhuri wa bandia, hakosi kazi hiyo tu. Anashtakiwa.

Umefanikiwa kama mtu mwingine akisoma faili lako anakuta jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa, mtaa mmoja, na wadhamini wanaopokea simu.

## Hatua ya 3: Jenga mwili wa kusimama, kwa wiki nane

Vijana hudhani wataulizwa misuli. Kinachowaangusha ni miguu. Nimeona mtu wa pushapu hamsini akidondoka chini kwenye kwata ya saa moja juani, na dada mwembamba aliyezoea kubeba ndoo za dagaa mwaloni Kirumba akibaki amesimama.

Wiki mbili za kwanza tembea haraka dakika 40 kila siku. Wiki ya tatu hadi ya tano kimbia kilomita 3, siku nne kwa wiki. Wiki ya sita hadi ya nane fika kilomita 5. Mji wetu umetupa vilima bure: panda Bugarika au Mabatini mara mbili kwa wiki, polepole, bila kusimama.

Kusimama kunafanyiwa mazoezi peke yake. Anza dakika 20 bila kuegemea kitu, ongeza dakika kumi kila siku chache hadi ufike saa mbili. Usikaze magoti yakanyooka kabisa, damu hushindwa kupanda vizuri na mtu anazimia. Legeza magoti kidogo, hamisha uzito mguu hadi mguu, chezesha vidole ndani ya kiatu. Jifunze amri za kawaida pia: mguu sawa, mguu pande, kulia geuka, nyuma geuka. Aliyepitia mgambo mtaani kwenu atakufundisha kwa jioni tatu.

Pima presha na macho kituo cha afya kabla. Kama una kifafa au kisukari, sema ukweli. Kuna malindo ya mchana na ya ofisini yanayokufaa, lakini ukificha ukaanguka usiku peke yako, hakuna wa kukuokota.

Umefanikiwa kama unasimama saa mbili, na kesho yake unaamka ukiwa huna maumivu ya kiuno.

## Hatua ya 4: Usaili, na namna ya kukwepa matapeli

Fika nusu saa kabla. Nywele fupi, kucha safi, shati limeingizwa. Anayekusaili anajiuliza jambo moja: mteja akimkuta huyu getini, atajisikia salama?

Maswali yenyewe hayana siri. La kwanza: "Ukimkuta mwizi anaiba utafanya nini?" Jibu linaloangusha watu ni "Nitampiga." Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kwa hiyo jibu ni: natoa taarifa, naita msaada, namdhibiti kama naweza bila kujihatarisha, nampeleka au namkabidhi polisi, naandika. Namba ya polisi ya dharura ni 112, ya zimamoto ni 114. Zijue kwa kichwa.

La pili: "Saa 8 usiku mtu anapiga honi, anasema yeye ndiye bosi, hana kitambulisho. Unafungua?" Hufungui. Unamsalimu kwa heshima, unampigia msimamizi, unasubiri neno. Bosi wa kweli atakasirika usiku na kukushukuru asubuhi. Wengine hawatashukuru. Bado hufungui.

La tatu: "Kwa nini uliacha kazi ya kwanza?" Hili nitalirudia hatua ya 6.

Dada zangu, msijiondoe kwenye foleni. Mwanamke hapekuliwi na mwanamume, kwa hiyo kila geti lenye upekuzi, hospitalini, kiwandani, kwenye maduka makubwa, linahitaji mlinzi wa kike. Liseme hilo mwenyewe usailini kama hawajalisema.

Onyo kuhusu pesa: ukiambiwa utume pesa ya sare, ya fomu au ya "kukushikia nafasi" kwenye namba ya simu ya mtu, ondoka. Malipo ya serikali huenda kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo, hayaendi kwenye simu ya mtu. Kwa kampuni binafsi, kama kuna gharama ya sare, iandikwe kwenye mkataba na wewe uwe na nakala. Mtu anayekutana nawe kwenye kibanda cha chai stendi ya Nyegezi akiwa na fomu mkononi hana kazi ya kukupa.

Umefanikiwa kama umetoka na mkataba wa maandishi wenye jina lako, mshahara, saa za kazi na siku ya kuanza.

## Hatua ya 5: Siku 90 za kwanza lindoni

Hapa ndipo wengi wanaacha, na wanaacha kimyakimya. Nitakaa hapa kidogo.

### Pesa ya mwezi wa kwanza

Unaanza tarehe 3, mshahara unatoka mwisho wa mwezi, wakati mwingine unachelewa. Karibu siku 30 unapanda daladala na kula kwa pesa ambayo hujaipata. Ukikaa Kisesa ukapangiwa lindo Nyegezi, huenda ukalipa nauli mbili kwenda na mbili kurudi. Ndiyo maana nilisema akiba. Kama huna, mwombe msimamizi lindo la karibu na unapoishi, umweleze sababu waziwazi kabla hujaanza kuchelewa. Akikukatalia, angalau anajua.

### Usingizi

Ukitoka naiti saa 12 asubuhi, usipitie kijiweni. Oga, kula kidogo, lala kabla bati halijapata moto. Ziba dirisha kwa blanketi. Kaa na watu wa nyumbani mkubaliane saa zako za kulala, na simu uizime. Mke au mume asiyeelewa zamu atakutuma sokoni saa 4 asubuhi kila siku, na usiku utalala lindoni.

Kula kabla ya saa 2 usiku. Ugali mzito saa 6 usiku ni sawa na kumeza dawa ya usingizi. Beba michembe au matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), karanga, na chupa ya chai. Saa mbaya kabisa ni saa 9 hadi saa 11 alfajiri, wakati mwili unadai kulala na upepo wa ziwani unakuja na baridi. Wezi wanalijua hilo. Saa hizo usikae. Fanya doria, na ubadilishe njia: leo anzia kulia, kesho kushoto.

Na mbu. Huku pwani ya ziwa malaria inawakosesha walinzi zamu nyingi, kwa kuwa chandarua hakimsaidii mtu aliye getini. Vaa mikono mirefu, ingiza suruali ndani ya soksi, paka mafuta ya kufukuza mbu. Homa ikija, kapime siku hiyohiyo, usinunue dawa kwa kubahatisha.

### Kupokea lindo

Mwenzako anataka kuwahi daladala, atakwambia, "Kila kitu shwari, saini hapa." Usisaini. Zunguka naye. Shika kila kufuli kwa mkono wako, livute. Washa kila tochi. Hesabu funguo. Ndipo andika. Kitabu cha matukio cha mlinzi mzuri kinasomeka hivi:

"Saa 12:05 jioni. Nimepokea lindo. Kufuli 4, zote nimezishika, zimefungwa. Funguo 6. Tochi 1, inawaka. Taa ya kona ya nyuma haiwaki, nimemjulisha msimamizi kwa simu saa 12:11. Kioo cha dirisha la stoo kina ufa, nimeukuta."

Neno hilo la mwisho, *nimeukuta*, lilimwokoa askari wangu mmoja asilipe kioo ambacho hakukivunja.

### Litazame lindo kwa macho ya mwizi

Mwanza ni mji wa mawe. Ukuta wa mteja unaweza kuwa mrefu, lakini nje yake kuna jiwe refu kuliko ukuta. Mchana mmoja ukiwa na ruhusa, toka nje, panda jiwe hilo, tazama ndani. Utaona kivuli ambacho taa haifiki, tawi la mwembe lililovuka ukuta, kibanda chako chenyewe kinavyoonekana ukiwa umekaa na simu inamulika uso. Ukishaona, andika, mpe msimamizi. Hapo ndipo nilianza kuitwa kwa jina badala ya "wewe wa getini".

### Haki zako tangu siku ya kwanza

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Za ziada ni kwa makubaliano, zinalipwa mara moja na nusu, na zamu nzima pamoja na za ziada haivuki saa 12. Kila saa unayofanya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na kinachokatwa kwako hakizidi asilimia 10. Angalia michango yako kila baada ya miezi mitatu. Andika saa zako kwenye kaunta buku yako ya nyumbani, kila siku. Kitabu cha lindo ni cha kampuni, na siku ya mgogoro hutakiona.

Umefanikiwa kama siku ya 90 imepita, hujakosa zamu bila taarifa, na msimamizi anakupigia wewe lindo gumu likikosa mtu.

## Hatua ya 6: Siku lindo linapoibiwa

Mwaka wangu wa pili nililinda stoo ya vifaa vya uvuvi karibu na mwalo. Nilikuwa na tabia niliyoiiga kwa waliotangulia: saa 6 usiku najaza kitabu chote hadi asubuhi. Saa 7 shwari. Saa 8 shwari. Usiku huo betri mbili za taa za dagaa ziliondoka upande wa nyuma. Msimamizi alifika saa 10 na nusu alfajiri, akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari uliosema "Saa 11 alfajiri, hali shwari", akaweka saa yake kando ya kidole. Hakusema neno. Na mimi sikuwa na neno.

Nilifukuzwa, na haki ilikuwa yao. Nimelieleza kwa sababu bado naona vitabu vinavyojazwa hivyo. Andika saa ikifika. Usingizi mtu anaweza kukusamehe, lakini mstari wa uongo unaharibu hata ile mistari ya kweli uliyoandika usiku mwingine wote.

Ikitokea kwako, fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Usiguse kitu na usimruhusu mtu aingie eneo hilo. Alama na nyayo ni za polisi.
2. Mpigie msimamizi, halafu polisi. Andika saa ya kila simu.
3. Andika ulichoona na kusikia tu. Usimtaje mtu kwa kudhani.
4. Polisi wakichukua maelezo yako, yasome yote kabla ya kusaini. Kama kuna neno hukulisema, omba lirekebishwe. Chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.
5. Siku hiyohiyo andika kila kitu kwenye daftari lako.

Kuhusu makato: mwajiri haruhusiwi kukata mshahara kufidia hasara bila kukubaliana nawe kwa maandishi na kukupa nafasi ya kujieleza, na makato hayo hayavuki robo ya mshahara. Ukiona mshahara mzima umeisha, uliza kwa barua, si kwa mdomo.

Kama umeachishwa na unaamini umeonewa, una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Hapa Mwanza nimeona watu wakizipoteza siku hizo kwa kuahidiwa "Rudi wiki ijayo tuzungumze." Zungumza, lakini fomu ipeleke.

Na lile swali la usaili. Usidanganye kwamba hukuwahi kufanya kazi kule, kwa sababu watapiga simu. Sema sentensi tatu: kilichotokea, sehemu yako, na ulichobadilisha. Mimi nilisema: "Niliibiwa lindoni nikiwa nimejaza kitabu kabla ya wakati. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo sijaandika saa ambayo haijafika." Kampuni mbili zilinikataa. Ya tatu, aliyekuwa ananisaili alifunga faili, akaniuliza naweza kuanza lini.

Umefanikiwa kama unaweza kulieleza pigo hilo bila kulia na bila kumlaumu mtu.

## Hatua ya 7: Sogea mbele, na uondoke vizuri

Ukikaa getini miaka mitano bila kujifunza kitu, utabaki getini. Chagua ujuzi mmoja kwa mwaka: huduma ya kwanza kupitia Msalaba Mwekundu, kuzima moto, kompyuta, kamera za ulinzi, udereva. Ukichagua moto, anza na jambo hili: moto wa umeme hauzimwi kwa maji, tafuta mtungi wa unga mkavu au wa gesi ya kaboni dayoksaidi, uelekeze kwenye shina la moto. Anayetaka hoteli au migodi aongeze Kiingereza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwenda usaili Geita hakusubiri tena foleni ya kivuko.

Ukipata kazi bora, usitoroke lindo. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28. Kabidhi sare, tochi, kirungu na redio kwa orodha, msaini wawili, ubaki na nakala. Kisha dai cheti cha utumishi, ni haki yako kisheria hata kama mmeachana vibaya. Kitoe nakala tatu, uziweke kwenye lile faili la hatua ya 2, juu kabisa.